Mzinga Niliousikia Peke Yangu

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu na miguu inatetemeka. Alhamdulillahi, leo inatetemeka kwa sababu ya macho yenu tu, wala si kwa ule woga mwingine niliokuja kuwaeleza. Nitamtaja kwanza Mola aliyenirudishia akili yangu. Baada yake nitamtaja mama yangu, na mdogo wangu Zeyana, na vidonge. Ndiyo, vidonge! Mtanivumilia.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule kijana wa Jang'ombe aliyekwenda kusoma chuo kikuu Uganda akarudi na maswali. Hata kabla ya safari hiyo nilikuwa na maswali. Nilipokuwa mdogo, maalim wangu alinichapa kwa kuuliza nani alimfundisha Ibilisi kusema. Nilipokuwa mkubwa nikauliza barazani mbona pepo wa masikini huomba kuku, na pepo wa matajiri huomba ng'ombe na pete ya dhahabu. Wengine walicheka, wengine walinyanyuka wakaenda zao. Sikujali. Nilidhani mtu anayeuliza hawezi kudanganywa.

Ndugu zangu, nilidanganywa na masikio yangu mwenyewe!

Nilikuwa nimeshaanza kusomesha skuli. Asubuhi moja nilikuwa chumbani nanyoa ndevu, nikasikia watu wawili wanazungumza nyuma ya ukuta. Mmoja akasema, "Sasa ananyoa." Wa pili akasema, "Sasa kaweka wembe. Mbona anatazama huku?" Nikatoka mbio na sabuni shavuni. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbuzi wa jirani amefungwa kwenye mnazi, anatafuna ganda la ndizi.

Hamjui khofu ile, na namwomba Mungu msiijue. Mtu akitishwa na mwizi, hukimbilia ndani ya nyumba yake akafunga mlango. Mimi ningefunga mlango upi, na wanaonitisha wamo ndani ya kichwa?

Lakini wakati ule sikusema wamo kichwani. Nilifanya majaribio kama nilivyofundishwa. Niliziba masikio kwa pamba, nao wakasikika wazi zaidi. Nikakata shauri kwamba wamepata njia ya kusema bila kupitia masikio. Nilihama chumba, nao wakahama. Nikakata shauri kwamba kuna mtu wa nyumbani anayewapasha habari. Ndugu zangu, akili ile ile niliyojivunia ndiyo iliyonishika mkono ikanitia gizani, na kila tulipopiga hatua ilinionyesha ushahidi!

Nikaacha kula. Chai ya mama ilinuka sumu. Mama, masikini, akainywa yeye kwanza mbele yangu, nusu kikombe, akanipa iliyobaki. "Haya, kunywa mwanangu, unaona nimekunywa." Nikamtazama, nikafikiri: huyu ameshakunywa dawa ya kuizuia. Nilimfikiria hivyo mama yangu aliyenizaa! Siku nyingine nilivunja mtungi wa maji kwa mchi kwa sababu niliwasikia wanacheka ndani yake. Zeyana alikusanya visu vyote vya jikoni akavificha kwa jirani. Nilimwona akivipeleka, vimefungwa ndani ya kanga, akiambaa ukuta kama mtu anayeiba nyumbani kwao. Na uso wake, ndugu zangu! Aliniogopa mimi.

Mama alisema ni pepo. Kaka yake, mjomba wangu Hemed, alimwita fundi wa pepo kutoka shamba. Nikafunikwa shuka, nikafukizwa ubani na udi mpaka machozi yakanitoka, ngoma ikapigwa, na fundi akamtaka pepo ataje jina lake. Mimi chini ya shuka niliwasikia wale wawili wananicheka na kunihimiza niseme jina, sema, sema. Nikauma ulimi nisiseme. Fundi akangoja, akangoja, mwisho akawageukia watu. "Pepo huyu kasoma," akasema. "Huyu hataki Kiswahili, anataka Kiingereza!" Uwanja mzima ulicheka. Hata mama alicheka, na nilifurahi kumsikia akicheka, maana zilikuwa siku nyingi.

Ninawaeleza haya si kwa kumdharau mama. Nataka muelewe kitu kimoja. Mama hakuwaficha watu habari za pepo. Majirani walikuja, wakaleta ubani, wakakaa naye. Pepo ni mgeni, amekuja, atapewa chake, ataondoka. Lakini neno wazimu lilipotajwa mlangoni petu, mama alifunga mlango. Pepo ana jina na kabila na matakwa yake. Mwehu ana nini? Mwehu ana jiwe la watoto wa mtaani na wimbo wa kumfukuza.

Siku nilipotoka mbio mpaka katikati ya barabara, na gari ya abiria ikasimama kwa kupiga mlio nikiwa nimesimama mbele yake, mjomba Hemed alisema basi. Alinitia kwenye teksi. Mama alilishika dirisha la ile teksi. "Hemed, usimpeleke kule! Akishaingia kule ndiyo basi, hata akitoka hatoki tena!" Mjomba alikuwa analia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanamume wa nyumba yetu akilia mchana.

Sitawaeleza sana hospitali ile ya wagonjwa wa akili. Nilipoliona geti lake niligeuka mnyama, nikashikwa na watu. Niliogopa kufungwa, na nikaogopa zaidi kwamba pale ndipo mahali panaponistahiki. Daktari alinipa vidonge, dawa mpya, akasema zimeanza kuletwa karibuni tu. Nilimtemea cha kwanza. Akanipa kingine bila kukasirika, nami nikamuuliza, maana hata katika wazimu niliuliza, "Dawa hii inafanya kazi vipi ndani ya kichwa changu?"

Akasema, "Sijui yote. Hakuna ajuaye yote bado. Ninachojua ni kwamba wapo watu walikuwa hapa na sauti kama zako, na sasa wako kwao."

Ndugu zangu, mtu yule alisema sijui! Fundi alijua. Mjomba alijua. Wale wawili nyuma ya ukuta walijua kila kitu. Nikameza dawa ya mtu aliyesema hajui.

Haikuwa kufumba na kufumbua. Kinywa kilinikauka kama niliyekula majivu, mikono ilitetemeka, jua liliniunguza hata nikitembea kidogo tu, na usingizi ulinikamata nikiwa nimesimama. Niliichukia dawa ile! Lakini wale wawili wakaanza kupunguza sauti. Wakawa wananong'ona. Wakawa wanasema mbali, kama watu wa nyumba ya tatu. Kisha asubuhi moja nikawa naosha uso, nikagundua hawapo. Walikuwa wameondoka kama watu wanaonyanyuka barazani bila kuaga. Nikasimama pale na maji yananidondoka, nasikiliza. Nilisikia kunguru. Kunguru tu! Nikasujudu palepale juu ya sakafu yenye maji, mimi niliyekuwa nikiuliza faida ya kusujudu ni nini.

Nikarudi nyumbani. Daktari aliniambia nimeze asubuhi, mchana na jioni, ninywe maji mengi, na nisiache hata nikijiona mzima. Mama alikuwa amewaambia majirani kwamba nilikwenda Bara kwa shughuli, na pepo ametulia. Nami nikakubali. Zeyana alikuwa ameposwa na kijana wa Mji Mkongwe, mtoto wa Bwana Seif, watu wa nyumba kubwa na mlango wa nakshi. Harusi ilikuwa iwe Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Nani atamwoza mwanawe nyumba yenye wazimu? Damu, watasema. Watoto watarithi. Basi nikawa nameza vidonge vyangu stoo, nyuma ya kuni, mlango nimeurudishia, kama mwizi.

Kisha Ramadhani ikaingia.

Hukumu naijua, nanyi mnaijua, tumefundishwa wote chuo cha Kurani tungali wadogo: mgonjwa ana ruhusa ya kula. Lakini ili ule lazima useme kwamba u mgonjwa, na ukisema utaulizwa unaumwa nini. Kwa hiyo nikaendelea kujificha. Adhuhuri ya siku za mwanzo tu mjomba Hemed aliingia stoo kutafuta shoka, akanikuta nimeinua kata ya maji mdomoni.

"Kobe!" alipiga kelele. "Wallahi, nshamkamata kobe, mla mchana wa Ramadhani! Kichwa kakificha ndani ya gamba, mdomo unatafuna!"

Mjomba alijua nilikuwa hospitali, lakini hakujua habari ya vidonge. Alidhani mtu akishatoka kule basi, kapona au hakupona. Ningeweza kumwambia. Nilikifumba kidonge mkononi.

Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Nilipopita barazani, mmoja akaniita, "Msomi! Leo umefunga au umefungua?"

"Mwache," akasema mwengine. "Huyo kafunga vitabu tu."

"Chuo kimemwambia Mungu hayupo. Sasa atamfungia nani?"

Wakacheka. Na mimi, ndugu zangu, mnajua nilihisi nini? Nilihisi raha! Waniite kobe, waniite kafiri. Kafiri anaalikwa harusini, watu wanabishana naye, wanatamani kumrudisha. Mwehu haalikwi popote. Nikatembea nimeinua kichwa, nimejificha nyuma ya dhambi nisiyokuwa nayo.

Lakini maneno yalivuka mpaka Mji Mkongwe. Mama alinijia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Bwana Seif keshasikia. Anauliza kama kweli kaka yake Zeyana hafungi."

"Mwambie naumwa."

"Ntamwambia unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo mwezi mzima? Hata mja mzito hawi hivyo."

Kisha akanishika mkono kwa upole sana, na sauti ya mtu aliyepata njia. "Basi funga, mwanangu. Mwezi huu mashetani wote wamefungwa minyororo. Nani atakuja kukusumbua? Viache vidonge, ukimaliza mwezi utaendelea navyo."

Mimi sikuamini kwamba ninasumbuliwa na shetani. Nilikuwa nimebishana juu ya jambo hilo tangu utotoni! Lakini maneno yale niliyapokea kwa mikono miwili, kwa sababu niliogopa watu kuliko nilivyoogopa maradhi. Mimi niliyeuliza kila kitu, sikwenda kumuuliza daktari swali moja: nifanyeje Ramadhani? Ningemuuliza, ningelazimika kupita tena mbele ya lile geti, na watu wa barabarani wangeniona.

Nikafunga. Siku za mwanzo nilijisikia mwepesi, kinywa hakikukauka kwa dawa, mikono ilitulia. Mama alifurahi. Barazani wakasema, "Karudi msomi wetu!" Nikafikiri labda nimepona.

Kisha nikaanza kusikia mtu anasafisha koo. Basi. Hakusema neno. Nilikuwa Darajani nanunua muhogo, mtu akasafisha koo karibu ya sikio langu, kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Nikageuka. Muuza muhogo alikuwa ameinama anapima. Nikasema nimechoka, ni saumu. Kesho yake akasafisha koo tena, na mwenzake akacheka kidogo.

Nilijua. Hapo msidanganyike, mgonjwa hujua! Nilijua wanarudi, nikawasikia wanapanda ngazi moja moja, na sikumwambia mtu. Nilikaa nao kama mtu anayekaa na nyoka chumbani na anaona haya kupiga kelele asije akawaamsha majirani.

Bwana Seif akatualika futari. Alitaka kuniona kwa macho yake. Mjomba alivaa kanzu mpya, mama na Zeyana walikwenda na vikapu vya kaimati, na mimi nilikwenda na wageni wangu wawili kichwani. Tulipandishwa ghorofani, wanaume chumba cha mbele, wanawake cha nyuma, na mlango wa pazia katikati. Vyakula vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka: uji, tambi, ndizi mbivu za nazi, sambusa. Kila mtu alishika tende mkononi. Mnajua kimya kile cha kungoja mzinga wa kufuturu, hata watoto hunyamaza.

Ukalia. Mzinga, ndugu zangu, wazi kabisa, mpaka kifua kilitikisika! Nikasema Bismillahi, nikatia tende mdomoni, nikatafuna.

Nilipoinua macho, hakuna aliyekula. Tende zote zilikuwa bado mikononi. Bwana Seif ananitazama. Mjomba ananitazama, midomo imemkauka. Nje, kimya. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la nyumba ya mbele.

"Kijana," akasema Bwana Seif taratibu, "hata mbele yetu? Hata mbele ya chakula changu?"

Wale wawili wakapiga makofi kichwani mwangu. Mwambie huamini Mungu, wakasema. Mwambie umefanya makusudi. Na ilikuwa njia nzuri, ndugu zangu! Kobe tena. Nitukanwe, nifukuzwe, na siri yangu itoke nami mlangoni salama. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Lakini woga ulinijaa mpaka ukafurika, nikaona nikishuka ngazi zile na wale wawili wa kichwani, sitapata tena mtu wa kunishika mkono.

Nikasema, "Nimeusikia mzinga."

"Umeusikia wapi?"

"Nimeusikia. Wallahi nimeusikia!" Na machozi yakaanza kunitoka, tende ingali mdomoni.

Pazia likavutwa. Mama aliingia chumba cha wanaume, jambo asilolifanya maisha yake yote. Hakumtazama Bwana Seif. Alinijia mimi akachuchumaa.

"Na wale wengine," akaniuliza, "washarudi?"

"Washarudi, mama."

Nilimwona anafikiri. Mama yangu hajui kusoma isipokuwa msahafu, lakini alifikiri pale mbele ya watu wote, na niliiona fikra ikipita usoni mwake kama mtu anayevuka mto na kuupima kwa fimbo.

"Mashetani wamefungwa mwezi huu," akasema. "Hilo halina shaka. Basi huyu hana shetani." Akasimama akamgeukia Bwana Seif. "Mwanangu mgonjwa, bwana. Anaumwa akili. Ana dawa, na mimi ndiye nilomwambia aziache. Tusamehe kwa futari yako."

Na hapo ndipo mzinga wa kweli ulipolia. Hakuna aliyekula.

Ndugu zangu, ukombozi wangu ulianza kwa neno lile moja. Mgonjwa! Nilikuwa nimeitwa kiti anachokalia pepo, nimeitwa mwehu, nimeitwa kobe. Hakuna aliyewahi kunipa jina analopewa mtu mwenye homa.

Kesho yake asubuhi mama alinipeleka hospitali kwa miguu, mchana kweupe, ananishika mkono mbele ya lile geti. Daktari aliniambia kwamba Ramadhani ile nisifunge hata siku moja, nimeze na ninywe maji, na tungezungumza nikipata nguvu. Na sauti zikachukua muda kuondoka, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Bado naogopa zitarudi. Sitawadanganya kwamba woga umekwisha.

Na posa ilivunjika. Hilo pia sitalificha. Bwana Seif alituma watu, wakasema maneno ya adabu, wakarudisha vitu. Nilimwendea Zeyana jikoni kumtaka radhi. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Kaka, kama wanaogopa kidonge chako," akasema, "siku nkiumwa mimi watanifanyaje?" Akaendelea kukuna nazi. Alilia baadaye, nilimsikia. Lakini adhuhuri ya siku ile ile alifanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau.

Mimi nilikuwa nimekaa barazani, nje, na watu wamekaa hapo wanangoja alasiri. Zeyana alitoka ndani na glasi ya maji juu ya sahani, mchana wa Ramadhani, mbele ya macho yote ya Jang'ombe. Mama alikuwa ameyasomea maji yale Yasini. Akanipa glasi, akanipa kidonge, akasimama pale pale na sahani yake, anangoja.

Mkono ulinitetemeka mpaka maji yakamwagika gotini. Nikasikia mtu ananong'ona, na kwa mara hii alikuwa mtu kweli, "Kobe huyo." Mjomba Hemed alikuwa amekaa kando. Akasafisha koo.

"Si kobe," akasema. "Mgonjwa. Mwache anywe dawa."

Nikanywa.

Sijui ni kidonge kilichoniponya, au Yasini ya mama, au ule mkono wa Zeyana uliokamata sahani bila kutetemeka. Mnanijua, bado nauliza. Lakini namshukuru Mola kwa vyote, na sitaacha kimoja kwa sababu ya kingine. Nani amesema lazima nichague? Aliyeumba sikio likaumwa, ndiye aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa, na ndiye aliyempa mama yangu ujasiri wa kuvuta lile pazia.

Ndugu zangu, Ramadhani inakaribia tena, ndiyo maana nimeomba kusema leo. Huenda yupo mmoja kati yenu anayesikiliza watu wasioonekana na kuona haya kusema. Huenda ana kidonge mfukoni sasa hivi, anakipapasa, anafikiria stoo na kuni. Mimi daktari ameniambia nisifunge mwaka huu pia. Adhuhuri mtaniona barazani petu, na glasi yangu. Nitakuwa naogopa, kama ninavyoogopa sasa. Lakini baraza ni refu, na Zeyana amesema ataleta glasi mbili.